Garrett Morgan, mtoto wa waliokuwa watumwa aliyesimamisha magari ya pande zote

Saa moja ya asubuhi, mkaaji wa Vulamba anayetaka kufika katikati ya mji wa Butembo anajua vizuri mahali atakapochelewa. Si njiani, ni kwenye makutano ya barabara. Pale ndipo wamotari wanapokutana na Fuso zilizobeba mizigo, wanafunzi wanaokimbilia masomo, mama mwenye beseni ya ndizi kichwani, na polisi wa rulaji aliyeinua mkono. Barabara inaweza kuwa pana namna gani, lakini ikifika pale ambapo barabara nyingine inaikata, upana peke yake hautoshi. Ni lazima mmoja asimame ili mwingine apite.

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, katika mji wa Cleveland huko Marekani, mtu mweusi mmoja alitazama makutano ya namna hiyo na kuona kasoro ambayo wengi walikuwa wameizoea. Hakuwa mhandisi wa barabara wala mtu wa serikali. Alikuwa fundi wa mashini za kushona. Jina lake lilikuwa Garrett Augustus Morgan.

Wengi wanamtaja kama mtu aliyevumbua taa za barabarani. Hiyo si kweli kabisa, na tutaona kwa nini. Alichofanya ni kitu kidogo zaidi, lakini hadi leo kinaingia katika hesabu ya kila mji unaotaka kujua makutano yake yatapitisha magari mangapi baada ya miaka 10 au 20.

Kutoka Kentucky hadi Cleveland

Morgan alizaliwa tarehe 4 mwezi wa tatu mwaka 1877, katika mji mdogo unaoitwa Paris, jimbo la Kentucky. Wazazi wake, Sydney na Elizabeth, walikuwa watumwa waliopata uhuru. Utumwa ulifutwa Marekani mwaka 1865, miaka 12 tu kabla ya kuzaliwa kwake. Alikuwa mtoto wa saba kati ya watoto 11, na kama watoto wengi weusi wa wakati ule alisoma shule ya msingi tu. Akiwa na miaka 14 aliondoka nyumbani kutafuta kazi Cincinnati, katika jimbo jirani la Ohio. Huko alifanya kazi za mikono kwa tajiri mmoja, na katika makuta kidogo aliyopata alitoa mengine kumlipa mwalimu aendelee kumfundisha.

Mwaka 1895 alihamia Cleveland, mji wa viwanda ulio kando ya Ziwa Erie. Alianza kwa kufagia katika kiwanda cha nguo, kisha akajifunza kutengeneza mashini za kushona zilizoharibika. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na habari zake zikaenea kutoka kiwanda hadi kiwanda. Mwaka 1907 alifungua duka lake la kuuza na kutengeneza mashini. Mwaka uliofuata alimwoa Mary Hasek, mshonaji aliyetoka Bohemia, Ulaya ya kati. Ndoa ya mtu mweusi na mwanamke mweupe haikuwa jambo dogo Marekani ya siku zile, lakini walikaa pamoja maisha yao yote na kuzaa watoto watatu wa kiume. Mwaka 1909 walifungua kiwanda cha kushona nguo za wanawake, na kwa muda mfupi kilikuwa na wafanyakazi 32.

Msomaji wa Butembo atamtambua mtu huyo haraka. Ni yule mfanyabiashara anayeanza na meza moja ya vifaa, anapata duka, kisha anaongeza biashara nyingine bila kungoja msaada wa serikali. Inasimuliwa kwamba Morgan alikuwa akitafuta dawa ya kuzuia sindano ya mashini isichome kitambaa, akagundua kwamba dawa ile inanyoosha nywele. Aliijaribu kwanza kwa mbwa wa jirani, kisha kwa kichwa chake mwenyewe. Mwaka 1913 alianzisha kampuni ya kuuza dawa hiyo, na faida yake ndiyo iliyolipia majaribio yake mengine.

Kofia ya moshi na handaki la ziwa

Mwaka 1914 Morgan alipewa hati ya uvumbuzi, ile inayomlinda mvumbuzi asiibiwe kazi yake, kwa ajili ya kofia ya kujikinga na moshi. Kofia ilifunika kichwa chote na kuteremsha mirija hadi karibu na ardhi. Alikuwa ameona kwamba moshi hupanda juu, na hewa ya kufaa hubaki chini. Sponji yenye maji ilipoza na kusafisha hewa kabla mtu hajaivuta.

Kuiuza ndiko kulikokuwa kugumu. Wakuu wa zimamoto katika majimbo ya kusini hawakutaka kununua kifaa cha mtu mweusi. Morgan alimlipa mtu mweupe ajifanye ndiye mwenye kampuni, na yeye akavaa kama Mhindi Mwekundu, akaingia ndani ya hema lililojaa moshi na kutoka mzima mbele ya wanunuzi. Waliomshangilia hawakujua kwamba mvumbuzi ndiye yule aliyetoka ndani ya moshi.

Usiku wa tarehe 24 mwezi wa saba mwaka 1916, gesi ililipuka ndani ya handaki lililokuwa likichimbwa chini ya Ziwa Erie ili kuleta maji safi Cleveland. Wafanyakazi walinaswa chini, na waokoaji wa kwanza walioingia hawakurudi. Mtu mmoja akakumbuka kofia ya Morgan. Aliamshwa usiku, akaja na ndugu yake Frank akiwa bado na nguo za kulalia. Waliingia wao wawili na watu wengine wachache waliojitolea. Walitoa watu, wengine hai na wengine maiti. Kwa jumla watu karibu 20 walikufa katika msiba ule.

Wakati wa zawadi, mji uliwatukuza wengine, na Morgan akaachwa pembeni. Baadhi ya wakaaji wa Cleveland walichanga wenyewe na kumpa medali ya dhahabu. Na picha yake ilipotoka magazetini, baadhi ya wanunuzi wa kofia katika majimbo ya kusini walifuta maagizo yao, kwa sababu sasa walijua rangi ya ngozi yake. Mwaka 1920 alishiriki kuanzisha gazeti la weusi la Cleveland, lililoitwa Cleveland Call. Mtu ambaye habari zake ziliandikwa vibaya au kufichwa alikuwa na sababu ya kutaka gazeti.

Makutano ya Cleveland

Biashara ilimpa Morgan gari. Inasemwa kwamba alikuwa mtu mweusi wa kwanza katika mji ule kuwa na gari lake. Barabara za Cleveland za siku zile zilifanana na zetu za leo kuliko tunavyofikiri. Magari mapya yaligombania njia na mikokoteni ya farasi, baiskeli, tramu na watu wa miguu, kila mmoja akiwa na mwendo wake.

Taa za barabarani zilikuwapo tayari. London iliweka taa ya gesi mbele ya bunge mwaka 1868, na baada ya muda mfupi ikalipuka na kumjeruhi polisi aliyeiendesha. Cleveland yenyewe ilikuwa na taa za umeme tangu tarehe 5 mwezi wa nane mwaka 1914, kwenye makutano ya Euclid Avenue na East 105th Street, zikiwa na rangi nyekundu na kijani. Huko Detroit, polisi aliyeitwa William Potts aliongeza rangi ya njano mwaka 1920. Kwa hiyo Morgan hakuwa wa kwanza, na heshima yake haihitaji tumwongezee asichofanya.

Taa nyingi za wakati ule, na mikono ya mapolisi pia, zilikuwa na amri mbili tu, simama na pita. Amri ilipobadilika, ilibadilika ghafla. Gari lililoingia katikati mwishoni mwa zamu yake lilikutana na gari la upande mwingine lililoanza mapema. Inasimuliwa kwamba Morgan aliona kwa macho yake gari likigongana na mkokoteni wa farasi kwenye makutano, na kwamba jambo hilo halikumtoka kichwani.

Kifaa alichobuni kilikuwa mlingoti wenye mikono, kama herufi T, unaozungushwa kwa mkono kwa kutumia mpini. Kilikuwa na amri ya kusimama na amri ya kupita, na juu ya hizo amri ya tatu, pande zote zisimame. Kwa sekunde chache hakuna aliyekuwa na ruhusa. Waliokuwa katikati walimaliza kutoka, watu wa miguu wakavuka, ndipo upande wa pili ukaruhusiwa. Usiku, magari yakipungua, mikono iliachwa nusu ili kila dereva ajue apite kwa uangalifu, kama taa ya njano inayowaka na kuzimika leo. Kifaa kilikuwa rahisi kutengeneza, nacho hakikuhitaji fundi mkubwa kukiendesha.

Hati ya uvumbuzi ilitolewa tarehe 20 mwezi wa kumi na moja mwaka 1923, namba 1,475,024. Aliilinda pia Uingereza na Canada. Baadaye aliuza haki yake kwa kampuni ya General Electric, na kiasi kinachotajwa siku zote ni dola 40,000, makuta mengi sana kwa wakati ule.

Sekunde zisizo za mtu

Hapa ndipo maisha ya Morgan yanapogusa swali la mji wowote unaokua. Sekunde zile ambazo pande zote zimesimama zinaokoa watu, lakini zina bei. Kila sekunde isiyo ya mtu ni sekunde ambayo hakuna gari linalopita. Mwenye kupanga barabara lazima aziingize katika hesabu tangu mwanzo. Asipofanya hivyo, siku msongamano utakapozidi, watu watazila kwa nguvu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Wahandisi waliokuja baada ya Morgan, kama Mmarekani Bruce Greenshields aliyepiga picha za magari na kupima nafasi kati yao, waliona kwamba taa ikiwaka kijani, magari ya kwanza yanachelewa kuondoka. Kisha yanatulia na kupita moja baada ya jingine kila sekunde 2 hivi. Kama kijani kingewaka saa nzima, mstari mmoja wa magari ungepitisha magari 1,800. Lakini hakuna upande unaopewa saa nzima.

Tuchukue mfano. Makutano yana barabara mbili zinazokatana, na duru moja ya taa, kuanzia kijani cha upande wa kwanza hadi kirudi tena kwake, ni sekunde 90. Kila taa inapobadilika, tunapoteza sekunde 5 kwa kuchelewa kuondoka na kwa kusafisha katikati. Mabadiliko ni mawili, hivyo zinapotea sekunde 10. Zinabaki 80 za kugawana. Ukifanya hesabu, mistari miwili inayokatana, ukiijumlisha, haiwezi kupitisha zaidi ya magari 1,600 kwa saa. Ukimwongezea mmoja, umempunguzia mwingine.

Mtu atauliza kwa nini tusirefushe duru ili sekunde chache zaidi zipotee kwa saa. Inawezekana, lakini faida yake inakwisha haraka. Duru ya sekunde 120 inapandisha jumla hadi 1,650 tu, na kila anayesimama anangoja zaidi. Mwingereza F. V. Webster alionyesha mwaka 1958 namna ya kuchagua urefu wa duru unaofaa, na hesabu yake inasema jambo moja wazi. Magari yakikaribia uwezo wa makutano, duru inayohitajika inarefuka sana, na yakiufikia hakuna duru inayotosha. Hapo hata ukiweka taa ya bei kali kiasi gani, msururu utarefuka tu hadi saa za msongamano ziishe.

Tuongeze sasa miaka. Tuseme mistari ile miwili leo inabeba 1,000 kwa saa, 600 upande mmoja na 400 upande wa pili. Makutano yanaonekana mazuri, na kiongozi anaweza kulala usingizi. Lakini magari yakiongezeka kwa 5 kwa mia kila mwaka, mwaka wa 10 yatakuwa 1,629, yamepita 1,600. Na hakuna mhandisi mwenye busara anayengoja kikombe kijae hadi ukingoni. Akichukua 90 kwa mia ya uwezo, yaani 1,440, kikomo chake kinapitwa mwaka wa 8.

Tukumbuke pia wanaokata kushoto. Hapa Kongo tunaendesha upande wa kulia, na anayekata kushoto anapita mbele ya wanaokuja. Ni kinyume cha Uganda, ambako mfanyabiashara wetu akivuka mpaka wa Kasindi anabadilisha upande, na ugumu unahamia kwa anayekata kulia. Wakiwa wengi, wanahitaji zamu yao peke yao. Zamu ya tatu inaongeza sekunde nyingine 5 za kupotea, na jumla inashuka kutoka 1,600 hadi 1,500. Katika mfano wetu, uwezo wote unakwisha mwaka wa 9.

Hesabu hizi ni mfano tu, si vipimo vya makutano fulani ya Butembo au Beni. Na zinahitaji kugeuzwa kulingana na hali yetu. Vitabu vya Marekani na Uingereza viliandikwa kwa miji ya magari madogo. Kwetu pikipiki nne au tano zinajipanga mahali pa gari moja na kuondoka pamoja, na Fuso moja iliyojaa mbao inachukua muda wa magari mawili au zaidi ikianza kupanda. Anayehesabu motari kama gari atapata jibu la uongo, na asiyemhesabu kabisa atapata uongo mkubwa zaidi. Mwenye miguu naye ana hesabu yake. Mtu anavuka kama mita 1.2 kwa sekunde, hivyo barabara ya mita 12 inamtaka sekunde 10. Mzee au mama mwenye mzigo anataka zaidi. Duru isiyompa sekunde hizo imemwambia akimbie.

Ndiyo maana hatari kubwa ya makutano yaliyojaa si kuchelewa peke yake. Makutano yakifikia mwisho wa uwezo wake, cha kwanza kuliwa ni zile sekunde za Morgan. Dereva aliyengoja duru tatu haoni tena sababu ya kuheshimu nyekundu. Motari anaanza kabla ya ruhusa. Mwendo unaongezeka kidogo, na katikati panarudi kama palivyokuwa Cleveland kabla ya mwaka 1923. Mji uliokosa kupanga mapema analipa mkaaji wake, na mara nyingi analipa yule anayetembea kwa miguu.

Miaka ya mwisho

Morgan aliendelea kufanya kazi na kuhudumia watu wake. Tangu mwaka 1908 alikuwa mmoja wa walioanzisha chama cha wanaume weusi wa Cleveland. Miaka ya 1920 alinunua shamba nje ya mji na kulifanya mahali pa kupumzika kwa weusi, kwa kuwa sehemu za namna hiyo za weupe ziliwafungia mlango. Mwaka 1931 aligombea kiti katika baraza la mji, akitaka makazi bora na usafi katika mitaa iliyosahauliwa. Hakushinda.

Kuanzia mwaka 1943 ugonjwa wa presha ya macho ulimpunguzia uwezo wa kuona hadi akabaki na mwanga mdogo sana. Mtu aliyefikiria namna watu watakavyoona ishara barabarani alimaliza miaka yake 20 ya mwisho akiona kwa shida. Alikufa Cleveland tarehe 27 mwezi wa saba mwaka 1963, akiwa na miaka 86, na akazikwa katika makaburi ya Lake View ya mji huo. Mwezi uliofuata, huko Chicago, weusi walikusanyika kuadhimisha miaka 100 ya tangazo la kuwaachia watumwa huru, na jina lake likatajwa kwa heshima. Yeye alikuwa amekwisha kwenda. Leo kiwanda kimoja cha kusafisha maji cha Cleveland kina jina lake, katika mji uleule uliomnyima medali kwa ajili ya handaki la maji.

Somo lake kwa miji yetu

Nchi yetu nayo ina watu wa kipaji chake. Mwaka 2013 mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake waliweka kwenye makutano ya Kinshasa maroboti makubwa yanayoinua mikono na kuwasha taa, yakitumia nguvu ya jua. Wageni walishangaa, lakini Mkongomani alielewa mara moja. Mahali ambapo umeme ni wa kubahatisha, kifaa kijitegemee, kama mlingoti wa Morgan uliojitegemea kwa mpini.

Lakini roboti, taa na polisi wote wanagawana sekunde zilezile 90. Hawaongezi hata moja. Kinachoongeza uwezo ni vitu vinavyoamuliwa miaka mingi kabla. Cha kwanza ni pembe za makutano. Zikiachwa wazi leo, baada ya miaka 8 panaweza kuongezwa mstari wa wanaokata kushoto, na mstari mmoja zaidi kila upande unakaribia kuongeza uwezo mara mbili. Zikiuzwa na kujengwa maghorofa, mji utalazimika kubomoa nyumba za watu na kulipa fidia, au kubaki na msururu. Cha pili ni barabara za kupita pembeni. Barabara ya kitaifa namba 2 inayotoka Goma kwenda Beni inapita ndani ya Butembo, na gari la mizigo lisilo na shughuli mjini likipata njia nyingine, linawaachia wakaaji zamu yake. Cha tatu ni maegesho. Kituo cha pikipiki au meza ya muuzaji iliyo hatua chache kutoka makutano inaziba mstari, na mstari uliozibwa haupitishi hata kama taa ni kijani.

Yote hayo yanaanza na kuhesabu, na kuhesabu hakuhitaji mfadhili. Wanafunzi wanne wenye madaftari, mmoja kila upande, wakikaa kwenye makutano saa moja hadi saa tatu asubuhi na saa kumi hadi kumi na mbili jioni, wataandika kila dakika 15 ni pikipiki ngapi, magari madogo mangapi, Fuso ngapi na watu wa miguu wangapi wamepita, na wangapi wamekata kushoto. Wakirudia siku ileile ya juma kila mwaka, baada ya miaka mitatu meya na wakuu wa mitaa watajua ukuaji wao wenyewe, badala ya kutumia 5 kwa mia ya mfano wetu. Watajua pia ni makutano gani ya Vulamba, Kimemi, Mususa au Bulengera yatajaa kwanza, na ni kiwanja gani kisitolewe tena hati ya kujenga.

Garrett Morgan hakuacha hesabu hizo. Aliacha sekunde chache ambazo pande zote zinasimama, ili aliye katikati atoke mzima. Kuzilinda sekunde hizo magari yakiwa mara mbili ya leo, hiyo ni kazi ya wanaopanga mji sasa, wakati pembe za makutano bado hazijajengwa.